Kabla au Baada ya Mashine: Antibayotiki kwa Mgonjwa Anayesafishwa Damu

Mama yangu figo zake zimeshindwa kazi, na anasafishwa damu kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila mara kwa muda wa saa nne, na huu ni mwaka wa tatu tangu tulipomhamisha kutoka Wete, Pemba, kuja kukaa nami hapa Jang'ombe, Unguja, kwa ajili hiyo. Mimi ni mwalimu wa skuli, si daktari. Ninayoyaandika kuhusu antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, nimejifunza kwanza kwa kukosea, kisha kwa kuwauliza madaktari na wauguzi mpaka nikaona haya, na nayaandika kwa sababu kila ninapokaa kwenye benchi la kusubiria wagonjwa nasikia watu wakisimuliana makosa yale yale.

Kosa la kwanza lilianza na mkojo. Mama bado anapata mkojo kidogo, na wiki moja akalalamika kuwa unamuunguza. Nikaenda duka la dawa la mtaani, nikasema mama anaumwa na mkojo, nikapewa antibayotiki iitwayo siprofloksasini, ya miligramu 500, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku. Muuzaji hakuniuliza kama ana maradhi mengine, na mimi sikumwambia; lawama tugawane. Usiku wa nne Mama akawa anaitungua kanga yake kana kwamba anatoa sisimizi, mikono inamrukaruka, na ananiambia nimfungulie mlango dada yake, ambaye tumemzika zamani. Jirani mmoja akasema hilo si la hospitali, aitwe shekhe amsomee. Kisomo alisomewa, nami siwezi kukidharau, lakini alfajiri tulikuwa hospitali.

Daktari alimpima sukari na damu kwanza, kwa sababu mtu mzima anaweza kuchanganyikiwa kwa mambo mengi, yakiwemo hayo maambukizi yenyewe. Kisha akaichukua paketi ya dawa, akauliza anakunywa mara ngapi kwa siku. Akanieleza kwamba sehemu kubwa ya dawa ile hutolewa na figo, na figo zisipofanya kazi kila kidonge kinamkuta mwenzake bado yumo mwilini, mpaka dawa inapanda hadi kwenye ubongo na kumchanganya mgonjwa. Kwa anayesafishwa damu, kipimo cha kawaida ni miligramu 250 hadi 500 mara moja tu kwa saa 24, na siku ya mashine anywe baada ya kutoka. Nikasema basi asafishwe tu itoke. Akatikisa kichwa: dawa hii mashine huitoa kidogo sana. Ilibidi isimamishwe na tusubiri, na zilipita siku kadhaa kabla Mama hajarudi kuniita kwa jina langu.

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa swali la dawa gani halitoshi. Lazima kuuliza kiasi gani, na upande gani wa mashine. Ziko antibayotiki ambazo figo ndizo zinazozitoa, na hizo hupunguzwa au huachanishwa kwa masaa mengi zaidi. Ziko zinazopita zaidi kwenye ini na nyongo, kama doksisaiklini, azithromaisini na seftriaksoni, ambazo kwa kawaida hazihitaji kupunguzwa kwa ajili ya figo peke yake. Na ziko ambazo mashine inazichuja pamoja na uchafu wa damu, kwa hiyo ukizinywa asubuhi ukaenda kusafishwa, umezinywa bure.

Hilo la mwisho tulilipata kwenye kidonda. Mama ana kisukari, na kidole cha mguu kilipoingia usaha alipewa amoksisilini iliyochanganywa na klavulaneti, kidonge kimoja kwa siku. Safari hii kipimo kilikuwa sahihi. Mama, kwa mazoea ya kutochelewesha jambo, alikuwa anakinywa baada ya sala ya alfajiri, na saa moja asubuhi yuko kwenye mashine. Dawa ya siku ile ikachujwa, na nyengine hainywi mpaka kesho alfajiri. Wiki ya kwanza kidonda kikawa kinasuasua, hakipoi wala hakizidi, mpaka muuguzi mmoja alipouliza saa ya kunywa. Tukaihamishia jioni. Ilikuwa dawa ile ile na kidonge kile kile kimoja, lakini kidonda kikaanza kukauka.

Nisieleweke vibaya. Baadhi yetu tukishasikia kuwa dawa hupunguzwa kwa mgonjwa wa figo, tunaanza kuzikata wenyewe nusu nyumbani. Hilo ni hatari kama kuzidisha. Mara nyingi dozi ya kwanza hutolewa kamili ili dawa ifike haraka kiwango cha kuua bakteria, na zinazofuata ndizo zinazopunguzwa au kuachanishwa. Ukiipunguza tangu mwanzo, unawaachia bakteria nafasi ya kuizoea dawa, na mgonjwa wa mashine, ambaye maambukizi kwake hayaishi kurudi, hana anasa ya kupoteza dawa.

Ziko dawa ambazo mimi sasa nikizisikia zikitajwa nasimama. Nitrofurantoini, ambayo watu wengi huinunua kwa ajili ya mkojo, haifai kwa hali hii: haifiki kwenye mkojo kwa kiasi cha kutibu, na inaweza kuharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Septrini hupandisha potasiamu, madini ya kwenye chakula yanayozidi damuni figo zikishindwa, ambayo sisi tayari tunapigana nayo kwa kuchemsha mbatata na kumwaga maji yake. Sindano za jentamaisini zinaweza kudhuru masikio na mizani ya mwili, na kumaliza kile kidogo cha figo kilichobaki. Daktari anaweza kuwa na sababu ya kuzitumia kwa uangalizi, lakini si sindano za kuchomwa nyumbani. Na siprofloksasini ile ile, hata kwa kipimo chake, isinywewe pamoja na vidonge vya kalsiamu vya kuzuia fosfeti ya chakula isizidi damuni, wala vya madini ya chuma, kwa kuwa hushikana tumboni na dawa haiingii mwilini. Sisi tuliambiwa inywewe masaa mawili kabla ya vidonge hivyo, au masaa sita baada yake.

Homa ni jambo jengine kabisa. Mama alikaa miezi mingi na mpira wa shingoni wa kupitishia damu kwenda kwenye mashine, kabla fistula ya mkono, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, haijakomaa. Usiku mmoja akapata baridi na homa, nikampa amoksisilini iliyobaki kabatini. Kesho yake, mashine ilipomkalia kama saa nzima, akatetemeka mpaka kitanda kikatikisika. Wauguzi wakachukua damu ya kuotesha bakteria, kutoka kwenye mpira na kutoka mkononi, kabla ya kumtundikia dawa, na daktari akanionya kwamba vidonge vyangu vya usiku vinaweza kuwaficha bakteria wasionekane kwenye kipimo. Mwenye mpira akipata homa, hata ndogo, apelekwe siku hiyo hiyo bila ya kusubiri zamu yake, na asipewe kitu cha kabatini.

Siku hizi ndani ya mkoba wa Mama mna daftari lenye siku za mashine, uzito wake mkavu (yaani wa baada ya maji ya ziada kutolewa), dawa zote na saa zake, pamoja na majina ya zilizomdhuru. Dukani sentensi yangu ya kwanza ni kuwa mgonjwa huyu anasafishwa damu. Tukienda Pemba kwa sikukuu, daftari ndilo linalotangulia kuingia ndani ya boti.

Na kwa wanaotoka shamba: antibayotiki nyingi za sindano hutolewa mwishoni mwa mashine au baada yake, ili zisichujwe. Vankomaisini, ambayo ni mojawapo ya hizo, hupitishwa kwa dripu taratibu, pengine kwa saa nzima. Nimewaona wenzetu wakiomba wafunguliwe mapema wawahi daladala, dripu ikiwa bado nusu. Muulize muuguzi kabla hujaondoka kama dawa imekwisha, na dereva mwambieni asubiri au aende zake.