Umeitwa Uje Kushindwa: Ushauri kwa Bondia wa Uzito wa Juu

Simu huwa inaingia Jumatano au Alhamisi. Anayepiga hana salamu ndefu. Atakuuliza una kilo ngapi sasa hivi, kisha atakwambia kuna raundi sita Jumamosi, aliyepangwa kaumia mkono, na utakayecheza naye ni "kijana tu, bado anajifunza". Nimeipokea simu hiyo kwa miaka 11. Nimepanda ulingoni mara 47, nimeshinda 13, nimetoka sare 3, zilizobaki piga hesabu mwenyewe. Katika hizo nilizopoteza, nilisimamishwa mara 7, yaani pambano lilikatishwa kwa sababu siwezi kuendelea. Mdogo wangu, kama umeshaanza kuitwa hivyo, namba ya kuiangalia ni hiyo ya mwisho. Nyingine zote ni za watu wa kubishana vijiweni.

Sisi ni mabondia wa kuletwa. Bango lina picha ya mwenzako, jina lako liko chini kwa herufi ndogo, na langu wamewahi kulikosea mara mbili. Kijana kauza tiketi kwa ndugu, jamaa na wafanyakazi wenzake. Ukimlaza, tiketi za pambano lijalo hazina mnunuzi. Watu hudhani tunalipwa ili tuanguke. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia nianguke. Hawana haja ya kusema. Wewe umepewa siku tatu, yeye kajiandaa wiki nane. Ulingo wake, mashabiki wake, na raundi inayolingana hupewa yeye. Uingereza, kwa mfano, mapambano madogo yasiyo ya ubingwa hupigiwa alama na refa peke yake, na refa naye ana masikio, anausikia ukumbi unavyopiga kelele.

Huko huko Uingereza alikuwepo Peter Buckley, aliyestaafu mwaka 2008 akiwa na mapambano 300, kapoteza 256. Baada yake Kristian Laight naye akafika 300 mwaka 2018, kapoteza 279. Wanaume wa kazi hao, na nawavulia kofia. Walikuwa wanapigana Ijumaa, wiki inayofuata wako kwenye ukumbi mwingine. Sasa kuna vijana wa uzito wa juu wanasoma habari zao na kudhani nao watakusanya 300. Hutaweza. Wale walikuwa watu wepesi. Mtu wa kilo 62 akikugusa vibaya, mara nyingi unabaki na nafasi ya kusahihisha kosa lako. Kwetu kosa moja linatosha kukulaza.

Uzito wa juu unaanza pale paundi 200 zinapopitwa, yaani kama kilo 90.7, na hauna kikomo juu. (WBC, mojawapo ya vyama vya ngumi vya dunia, waliongeza daraja jingine hapo mwaka 2020, mwisho wake paundi 224, lakini simu za Jumatano hazilijui.) Nikiwa na kilo 103 nimewahi kuletewa mtu wa kilo 128. Glovu ni zile zile za wakia 10 anazovaa hata bondia wa kilo 75. Tofauti ya kilo 25, halafu mtu anakwambia kupima uzito kwetu ni sherehe tu. Kwa promota ni sherehe. Kwako ni taarifa, kwa hiyo uliza kilo zake kabla hujasema ndiyo.

Na usiishie kwenye kilo. Rekodi ya kijana isikutishe wala isikudanganye. Angalia ameshinda raundi ya ngapi na kwa namna gani. Mwenye 9-0, yaani kashinda tisa na hajapoteza, na zote za pointi ni kazi ya kawaida, utarudi nyumbani na uvimbe kidogo. Mwenye 9-0 na zote ameshamaliza kabla ya raundi ya tatu, tafuta video. Huenda ngumi zake ni nzito kweli, huenda waliletwa watu wa kuanguka, na video itakuonyesha kwa dakika mbili tu. Uliza pia kama ni mashoto. Wanapenda kusahau kukwambia hilo.

Huyo wa kumaliza mapema ana siri moja: hajui raundi ya tano ina ladha gani. Hapo ndipo vyumba vyetu vya kubadilishia nguo hupenda kumtaja Ross Puritty. Tarehe 5 Desemba 1998 aliletwa Kyiv kupigana na Wladimir Klitschko, nyumbani kwa mwenyewe. Klitschko alikuwa kashinda zote 24, Puritty kashapoteza 13. Alipigwa raundi baada ya raundi, akasimama, akazidi kusogea mbele, mpaka jitu lile likaishiwa mafuta na pambano likasimamishwa raundi ya 11, Puritty mshindi. Nami nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi. Lakini angalia vizuri ilivyo: ili uipate raundi ya 11 lazima kwanza ule ngumi za raundi kumi. Na wewe mkataba wako ni wa raundi sita.

Kwa hiyo jifunze kukumbatia. Makocha wengi wanaona aibu kukifundisha, wanakiita ujanja wa wazee. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa anatunza vifaa pale mazoezini, na ndicho kilichonilisha. Mtu anaporusha mkono wake wa kulia ukapita, usirudi nyuma, ingia. Mkono wako wa kulia upite chini ya kwapa lake la kushoto. Mkono wako wa kushoto ubane msuli wake wa kulia juu kidogo ya kiwiko, maana huo ndio unaokutafuta. Kichwa chako kiegemee bega lake upande huo huo wa mkono mzito, asipate nafasi hata ya kuukunja. Kisha legeza magoti kidogo na umwachie kilo zako zote. Usimsukume, mfanye akubebe tu. Refa atasema achaneni, na utaachana naye polepole kama mtu anayeaga msibani. Ukimbebesha kilo 103 mara nne katika kila raundi, ikifika ya nne mabega yake yameshuka na ngumi zake hazina moto. Mashabiki watazomea. Waache wazomee, wao wamekaa.

Jambo jingine ni kupiga goti. Ukiguswa na miguu ikawa si yako, chini. Refa lazima ahesabu mpaka nane, na hizo ni sekunde zako halali. Wengi wetu huruka juu hesabu ikifika tatu kuonyesha tuko sawa, tunazitumia tano zilizobaki kuyumba mbele ya refa anayetukagua macho. Pumua, tazama kona yako, simama hesabu ikifika nane. Ni kweli utakatwa alama, lakini kwa alama ulikuwa unapoteza tangu ulipopokea simu.

Sasa nikwambie la kwangu. Mwaka wangu wa sita niliajiriwa wiki tatu kuwa mtu wa sparingi, yaani wa kupigana naye mazoezini, wa bondia mmoja mkubwa. Fedha nzuri, kila wiki mkononi. Jumanne ya mwisho alinipiga ngumi ya ndoano ya kushoto nikakaa kitako. Nilicheka, tukaendelea. Siku ya pili yake simu ikaingia, nami nikasema ndiyo. Jumamosi, raundi ya pili, nikaguswa na ngumi ambayo siku nyingine ningeifuta kama jasho, nikajikuta naangalia taa za dari.

Nilirudi nyumbani usiku. Nikasimama mlangoni na ufunguo mkononi, nikauingiza, haukuzunguka. Nikajaribu tena. Nikakasirika nikaanza kuutikisa. Mlango ukafunguliwa na jirani akiwa na shuka begani, akanitazama, akasema kwa upole, "Kwako ni pale, kaka."

Ukisimamishwa ulingoni, bodi ya ngumi inakufungia usipigane. Siku 28, siku 45, inategemea uko wapi na umepigwaje, na daktari lazima akuone kabla hujarudi. Ukidondoshwa mazoezini hakuna anayeandika. Hakuna refa, hakuna daktari, na kocha wa yule bwana hana sababu ya kumpigia mtu simu. Tangu usiku ule nina daftari. Tarehe, nani, raundi ngapi, kichwa kilitikisika mara ngapi, kichwa kiliuma siku ngapi baadaye. Sparingi naandika kwa kalamu nyekundu. Nilipolipeleka kwa daktari kwa mara ya kwanza alilisoma lote, kisha akaniuliza kwa nini kurasa nyekundu ni nyingi kuliko za bluu. Harrison Martland, daktari wa Marekani, aliandika kuhusu mabondia "walevi wa ngumi", yaani walioharibika ubongo kwa kupigwa kichwani, tangu mwaka 1928, kwa hiyo hakuna atakayekuja kukwambia kwamba jambo hili halikujulikana. Lako nani atalijua usipoandika? Na mtu mmoja nyumbani awe na ruhusa ya kulisoma. Mke wangu aliwahi kupokea simu ya Alhamisi, akafungua daftari, akasema, "Hapana, ana siku 19 tu tangu apigwe." Akakata.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Kubaliana kabla hujafunga begi, kwa maandishi, pamoja na nani analipa safari na utapata nini kijana akijitoa baada ya kupima uzito. Kocha kwa kawaida asilimia 10, meneja mara nyingi robo, basi jua kinachobaki ndicho chako. Na usioge kabla hujalipwa. Mimi niliwahi kuoga.

Kazi nyingine usiache. Chuck Wepner, yule aliyemdondosha Muhammad Ali raundi ya 9 mwezi Machi 1975 (Ali alisema alikanyagwa mguu), alikuwa muuza pombe wa jumla huku akipigana, na pambano lile lilifika raundi ya 15, akasimamishwa zikiwa zimebaki sekunde 19 tu. Alipigania ubingwa wa dunia dhidi ya Ali akiwa na kazi ya mchana. Wewe na raundi zako sita unaiachia kazi ya mchana kwa sababu gani?

Ushindi nao una bei yake. Mara moja nilimlaza kijana mwenye 11-0, raundi ya tatu, mkono mrefu wa kulia ambao hata mimi sikuutarajia. Ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia ndoo ikigongwa kwenye kona ya pili. Baada ya hapo simu haikulia miezi mitano. Sijutii, nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko ya harusi yangu, ila mwenye nyumba wangu hakuwa anapokea video.

Niliacha mwaka jana. Pambano la mwisho lilikuwa raundi nne, na kijana aliyecheza nami alishinda kwa pointi kwa haki kabisa. Nilikuwa nakata bendeji mikononi alipoingia chumbani kwangu na taulo shingoni, peke yake. Wengi hawaji. Alitaka kujua kwa nini mkono wake wa kulia haukunipata hata mara moja kwa dakika 12.

Nikamuuliza kama aliyenitafutia mapambano yuko nje. Akasema hayupo.

Basi nikamwonyesha. Kila anapotaka kurusha kulia, huvuta pumzi kwa mdomo kwanza, na kinga yake ya meno, ile nyeupe, inaonekana.