Unaunganisha ndege yako ya kwanza kubwa ya kivita ya rimoti? Soma haya kabla hujafungua gundi

Kuna watu wameniuliza sana kuhusu hizi ndege kubwa za kivita za rimoti, zile za bawa la mita mbili na zaidi, injini ya petroli, zinazokuja kwenye boksi zikiwa zimeshavikwa plastiki yake na rangi yake, we kazi yako ni kuunganisha tu. Hiyo "kuunganisha tu" ndo imewaponza wengi, mimi nikiwa wa kwanza. Ya kwangu ya kwanza ilikua P-47, mfano wa ile ndege ya kivita ya Marekani ya vita ya pili ya dunia, ya kipimo cha moja kwa tano, yaani bawa karibu mita mbili na nusu, na nilijiambia wikendi mbili inatosha. Ilichukua miezi mitatu. Na hiyo miezi mitatu ingekua miwili kama nisingerudia vitu.

Boksi likifunguliwa kitu cha kwanza utakachotaka kufanya ni kuchomeka mabawa, kubandika bunduki, kumweka rubani kwenye kioo halafu upige picha. Piga basi, sikuzuii, wote tumefanya. Ila ukimaliza toa kila kitu, weka mbali hizo bunduki na stika na rubani, hutavigusa mpaka mwisho kabisa, maana ndo vitu vya kwanza kuvunjika ndege ikiwa inageuzwa geuzwa mezani. Kitabu cha maelekezo kisome chote mpaka mwisho kabla hujashika bisibisi, kwa sababu vitabu vingi vya hizi ndege vimeandikwa vibaya, unaambiwa ukurasa wa nane gandisha hiki, af ukurasa wa kumi na mbili unakuta kuna waya ulitakiwa upite hapo kwanza.

Sasa tuanze na bawaba, zile zinazoshika eleroni (vibawa vya kulaza ndege kulia na kushoto), flapsi (vibawa vya kupunguza mwendo wakati wa kutua), eleveta (kibawa cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) na usukani wa mkia. Hapa naomba utulie. Kwenye ndege ndogo bawaba ikilegea unaweza ukatua salama, kwenye ndege ya kilo kumi na moja ikitoka eleveta hewani hakuna cha kuokoa, unasimama tu unaangalia. Bawaba za hizi kubwa nyingi ni zile za pini, kila upande una kijiti kinaingia kwenye tundu. Zikwangue kwa msasa kidogo, zifute na spiriti zitoke mafuta ya kiwandani, halafu ile sehemu ya katikati inayokunja paka vaselini kidogo sana kwa kijiti cha meno, gundi ikitaka kuingia kwenye kiungo ishindwe. Vaselini isiguse sehemu inayoingia kwenye mbao, ikigusa futa uanze upya. Gundi tumia epoksi (ile ya kuchanganya sehemu mbili) ya dakika 30, sio ile ya dakika 5. Ile ya dakika 5 inakukimbiza, umefika bawaba ya tatu yenyewe ishaanza kuganda kwenye kikombe.

Mimi vaselini niliiona mambo ya kujisumbua. Epoksi ikaingia kwenye viungo viwili vya eleveta, ikakauka, eleveta ikawa inakwenda lakini nzito, kama mlango uliovimba mvua. Nikasema si servo (kile kimota kinachosukuma eleveta) ina nguvu, itazoea. Haikuzoea. Kila nikiwasha servo ilikua inanguruma hata stiki ikiwa katikati, na betri niliyotarajia inifikishe jioni ilikua inaisha kabla sijamaliza kuset vitu mezani. Servo inayopigana na bawaba inakula umeme muda wote, na umeme ukiisha hewani risiva (kipokezi cha rimoti ndani ya ndege) inazima, na risiva ikizima unajua mwenyewe. Nilikata zile bawaba zote na kuchimbua matundu upya. Kwahiyo kipimo changu siku hizi ni hiki, kabla hujaunganisha servo, inua mkia kidogo, eleveta idondoke yenyewe kwa uzito wake. Isipodondoka hujamaliza.

Na nafasi kati ya eleroni na bawa iwe ndogo uwezavyo bila kukwama. Nafasi kubwa pamoja na fimbo zinazochezacheza ndo zinaleta ule mtetemo wa kasi, ndege ikikimbia eleroni inaanza kupiga brrrrr na sekunde mbili baadaye haipo. Fimbo za kusukumia ziwe nene na za chuma, viungo vya kipira cha chuma (ball link) chenye bolti inayopita upande hadi upande, na pale kwenye mkono wa servo tumia mkono wa chuma, ile mikono ya plastiki iliyokuja na servo irudishe kwenye pakti. Servo zenyewe zisiwe za kubahatisha, gia za chuma, na kwa saizi hii mimi siweki ya nguvu chini ya kilo-sentimita 15 kwenye eleveta na usukani wa mkia.

Skrubu nazo zina somo lake. Zile zinazoingia kwenye plaiwudi, chimba tundu dogo, ingiza skrubu, itoe, tia tone la gundi nyepesi ya supa kwenye tundu, subiri ikauke kabisa, ndo urudishe skrubu. Ile gundi inagandisha uzi uliochongwa kwenye mbao, skrubu inashika miaka. Ukirudisha kabla haijakauka umeigandisha humo milele, usije ukasema sikukwambia. Za chuma kwa chuma zote zinataka gundi ya kufungia nati, ile ya bluu, kwa sababu injini ya silinda moja ya petroli inatetemesha ndege nzima kuanzia pua hadi mkia. Isipokua kwenye ekzosi. Hapo gundi ya bluu inalainika kwa joto na bolti inatoka kama hukuweka kitu. Mimi ilinitoka moja, ekzosi ikaanza kupumulia ndani ya boneti, niligundua kwa harufu tu, boneti ilikua imeshaanza kuwa ya kahawia kwa ndani. Ekzosi weka gundi ya joto kali au zile pete za chuma (washa) za kufungia, na kila ukitoka uwanjani pitisha spana ukaze.

Injini yenyewe haina maajabu mengi ukifuata kitabu. 50cc hadi 60cc inatosha ndege ya saizi hii. Mpira wa mafuta uwe ule wa petroli, wa njano, sio wa silikoni wa injini za zamani za mafuta ya kimethanoli, silikoni inavimba na kuoza ikikaa na petroli, na kizibo cha tangi vilevile kiwe cha petroli. Uchanganyaji wa oili fuata kilichoandikwa na mtengenezaji wa injini yako, nyingi zinaanzia 32 kwa 1, yaani petroli 32 kwa oili 1, wakati wa kuizoesha. Ndani ya boneti hewa lazima ielekezwe ipite kwenye mapezi ya silinda, sio ipite pembeni ikasalimie tu. Kata kipande cha balsa (mbao nyepesi) au plastiki uzibe pembeni, na sehemu ya hewa kutokea iwe kubwa kuliko ya kuingilia, mara mbili hivi au zaidi. Hawa wa P-47 wenye boneti kama mdomo wa pipa wanadhani hewa ipo ya kumwaga, kumbe inaingia inazunguka inakaa humohumo, injini inachemka.

Haya sasa uzito, hapa ndo kwenye kilio.

Ndege za kivita za vita ya pili zenye injini ya duara (silinda zimepangwa kuzunguka) zina pua fupi. P-47 ya kweli ilikua na injini ya silinda 18 yenye uzito wa zaidi ya tani moja pale mbele, ndo maana pua fupi ilitosha. We unaweka injini ndogo ya silinda moja kwenye mwili ule ule uliopunguzwa, mbele panakua pepesi na mkia unashuka. Mwenye P-51 (nyingine ya kivita ya Marekani) ana nafuu, pua yake ndefu, ila hata yeye asijisahau. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiishikilia kwa vidole, kitabu kimekuambia kipo milimita kadhaa kutoka ukingo wa mbele wa bawa, weka alama pale, pande zote mbili, na ile alama usiibishie. Ikisogea nyuma ndege inakua na kichaa, unagusa eleveta kidogo inaruka kama imeumwa na nyuki. Ikiwa mbele kidogo inakua nzito kutua lakini unairudisha nyumbani nzima. Nikichagua kukosea, nakosea mbele.

Ujanja ni kuanza kupambana na uzito tangu siku ya kwanza, sio siku ya mwisho. Gramu moja ukiiweka mkiani inadai karibu gramu tatu puani, kwa sababu mkia uko mbali na pua iko karibu. Kwahiyo ile epoksi uliyomwaga kwa ukarimu kwenye mkia, lile gurudumu la nyuma zito zuri ulilobadilisha, zile servo kubwa mbili ulizoweka nyuma, unavilipa mara tatu. Betri zote zipeleke mbele, kisanduku cha plagi (kinachotoa cheche za injini) mbele, hata swichi. Mimi vyote hivyo sikuvijua, nikapima mwishoni kabisa na boneti imeshafungwa, nikalazimika kuweka gramu 700 za risasi (ile metali nzito, sio ya bunduki) puani, tena kwa kuibomoa boneti. Inauma kuongeza risasi kwenye ndege uliyoihangaikia isiwe nzito, lakini weka, wala usione aibu. Na risasi ifungwe kwa bolti, usiibandike kwa gundi tu, ikibanduka hewani inaenda kusumbua kabureta au inakuhamishia kitovu chote. Unapima tangi likiwa tupu, miguu ya magurudumu ikiwa imekunjwa kama inavyoruka, na kama bawa liko chini ya mwili igeuze ndege tumbo juu, ndo inatulia kwenye vidole.

Umeme nitasema machache. Betri ya risiva iwe mbili na swichi mbili, moja ikifa nyingine inashika. Kisanduku cha plagi kina kelele ya umeme, yaani mawimbi yanayovuruga mawasiliano ya rimoti, kikae mbali na risiva, sentimita 30 ni ustaarabu, na fimbo ya kabureta iwe ya plastiki isibebe kelele kuipeleka nyuma. Antena za risiva zielekee pembe tofauti, kama herufi L. Weka swichi ya kuzima injini kutoka kwenye rimoti, hii sio hiari, na ukipoteza mawasiliano ndege ijizime injini yenyewe, ijaribu hiyo ukiwa umefunga mkia kwenye kitu kigumu na hakuna mtu mbele wala pembeni ya propela. Propela ya mbao ya 50cc haikwanguzi kidole, inakiondoa.

Af kuna lile kosa la aibu ambalo hata wazee wa kazi linawapata, eleroni kwenda kinyume. Peleka stiki kulia, eleroni ya kulia lazima ipande na ya kushoto ishuke. Simama nyuma ya ndege ukikagua, sio mbele, ukisimama mbele akili inakugeuzia. Flapsi nazo pima kwa rula milimita kwa milimita kushoto na kulia, kwenye nusu na kwenye zote, zikitofautiana kidogo tu ndege itabingiria pale pale ukiwa unatua taratibu na huna kimo cha kurekebisha.

Miguu inayokunja, mimi ni mtu wa umeme, ile ya hewa imenichosha na kuvuja. Kwenye chuma cha gurudumu saga sehemu bapa kidogo pale skrubu inapokamata, bila hivyo gurudumu linageuka likiguswa na nyasi. Na kama umechagua Spitfire kwa sababu ni nzuri, na kweli ni nzuri, ujue miguu yake imekaribiana kama ya mtu aliyebanwa, uwanjani itakusumbua kuliko P-47 iliyopanua miguu. Kwa ndege ya kwanza ya kivita mimi namwambia mtu achukue yenye miguu mipana, uzuri utakuja na ya pili.

Ikishakamilika usiende kurusha. Nenda kakimbize tu chini. Mimi mara ya kwanza niliitembeza uwanjani tangi zima, kwenda na kurudi, kujifunza kwamba ukisukuma mafuta haraka pua inakimbilia kushoto na unatakiwa uwe umeshatia usukani wa kulia kidogo kabla, na stiki ya eleveta umeivuta nyuma mkia usinyanyuke mapema. Nilirudi nyumbani bila kuruka, jamaa walinicheka sana. Nilipofungua boneti nikakuta nati mbili za injini zimelegea na mpira wa mafuta umeanza kusagwa na ukingo wa boneti, ukibaki na ukuta mwembamba kama karatasi. Nikabadilisha mpira, nikafunga nati upya, nikaweka kipande cha mpira kwenye ule ukingo.

Wiki iliyofuata ikaruka dakika sita. Ilitaka mibofyo mitatu ya kurekebisha eleveta chini na mmoja wa eleroni kwenye rimoti, basi. Nilipotua vidole vilikua vinatetemeka mpaka swichi ya kuzima injini nikawa naitafuta.