Mwache achukue Muziki na Densi

Mama, usimkataze binti kuchukua Muziki na Densi Gredi ya 10 eti kwa sababu baba yake anasema ni kurukaruka tu. Kwenye mkondo wa Sanaa na Michezo bado atasoma Kiingereza, Kiswahili na Hisabati. Muziki na Densi ni somo moja tu kati ya yale 3 ya kuchagua. Wangu hapa Kakamega alijifunza isukuti, ngoma yetu ya jadi iliyoingia orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Jioni alikuwa akihesabu midundo kwa vidole mezani, mabega yakitikisika, mpaka chai inapoa. Kazi ya akili kabisa hiyo! Ila kabla ya kujaza fomu, fika shuleni uulize kama mwalimu wa densi yupo kweli.