Barua kwa mwanangu: digrii ya Kiingereza na pesa zake

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Morogoro. Sisi ni wazima, mahindi tumeshavuna na yako ndani. Jumapili ulipopiga simu uliniuliza: "Baba, nikichukua B.A. ya Kiingereza itanilipa, au nitakuja kusota mtaani na deni la Bodi ya Mikopo?" Nikamsikia shangazi yako pembeni anasema usome uhasibu. Sikukujibu palepale kwa sababu swali lako lina tarakimu, na tarakimu nataka uzione kwenye karatasi.

Mama, binti yangu, nianze na mshahara wangu, maana ndio ninaoujua. Nilianza kufundisha Kiingereza kwa stashahada. Mwaka 2006 nikaenda chuo kikuu, 2009 nikarudi na digrii ya ualimu, masomo Kiingereza na Kiswahili. Kwa digrii hiyo nilitakiwa kupanda ngazi ya mshahara wa walimu serikalini, kutoka TGTS C kwenda D. Nilipanda, ila baada ya karibu miaka miwili ya faili kuzunguka, na malimbikizo sikuyapata yote. Kwa hiyo digrii iliniongezea kipato, lakini haikuniongezea siku niliyovaa joho.

Halafu kuna makato. Mkopo wa Bodi nilikuwa nakatwa asilimia 8 ya mshahara. Sheria ikarekebishwa 2016, ikawa asilimia 15. Ulikuwa darasa la sita, labda unakumbuka mwaka ule tulivyoacha kununua maziwa. Tulibahatika baadaye, ile asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kwenye deni ili kulinda thamani ya mkopo ikafutwa 2021, kwa sababu deni lilikuwa linakua huku unalipa.

Sasa piga hesabu na mimi. Tuseme umeajiriwa serikalini kwa mshahara wa 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi 68,000. Bima ya afya 24,000. Chama cha walimu, ukiwa mwanachama, 16,000. Bodi 120,000. Mkononi inabaki 532,000. Humo kuna kodi ya chumba, nauli, chakula, na mdogo wako atakayekuomba daftari. Deni likiwa milioni 12, utakatwa miezi mia moja, miaka minane na zaidi.

Na hiyo ni kwa aliyepata kazi. Enzi zetu mwalimu akimaliza alipangiwa kituo, kwa hiyo usipime safari yako kwa yangu. Januari 2025 walimu zaidi ya 200,000 waliitwa kwenye usaili wa nafasi zisizofika 15,000. Umewaona mwenyewe, vijana wenye digrii wanapiga tempo, yaani kufundisha kwa muda, shule binafsi kwa pesa ya nauli, bila mkataba, bila akiba ya uzeeni ya NSSF. Wengi wao ni wa masomo ya sanaa kama wewe na HKL yako, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Ukija kupiga tempo, na huenda ukapiga, omba mkataba wa maandishi hata kama ni wa miezi mitatu.

Ukiishia hapo utasema shangazi ana haki. Lakini kuna pesa nyingine ambayo haikuwahi kuingia kwenye slipu yangu, na ndiyo iliyoezeka vyumba viwili vya nyuma.

Mwaka 2013 watafiti wa afya walikuja kuhoji akina mama vijijini kuhusu homa za watoto. Walirekodi kwa Kiswahili, wakahitaji maandishi ya Kiingereza. Aliyetangulia kufanya kazi ile alijua Kiingereza vizuri sana. Lakini kila mama aliposema mtoto alishikwa na degedege, yeye aliandika homa kali. Degedege si homa kali, mama. Ni kustuka na kukakamaa, na wazee wetu wengi waliamini ni jambo la mganga, si la zahanati. Ukiandika homa, mtafiti hataelewa kwa nini mama yule alimpeleka mtoto kwa mganga kwanza. Kazi ikarudiwa yote, nikapewa mimi. Saa moja ya sauti ilinichukua saa tano mpaka sita za kuandika, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Kwa wiki sita nilipata zaidi ya mishahara yangu miwili. Wakanirudia mwaka uliofuata, na uliofuata tena.

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nauza. Kiingereza peke yake kila mtu anadhani anacho. Kilicholipwa ni kukivusha Kiswahili kwenda Kiingereza na kukirudisha bila kumwaga maana njiani. Na mahitaji yake yameongezeka: SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafuata 2021, na mwaka huohuo sheria yetu ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, wakati sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli kompyuta sasa inatafsiri, na malipo ya tafsiri nyepesi nimeyaona yakishuka. Lakini hati ya mahakama au fomu ya ridhaa ya mgonjwa inahitaji mtu wa kuisoma neno kwa neno na kuweka sahihi yake.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda, ila si na Kiingereza kitupu. Chukua B.A. yenye ualimu, Kiingereza na Kiswahili pamoja, na kozi yoyote ya tafsiri watakayokuruhusu kuongeza. Ualimu utakupa mlango wa kubisha, tafsiri itakulisha wakati mlango haujafunguliwa. Fasihi ya Kiingereza peke yake, kwa mkopo, nisingekushauri, ingawa mimi naipenda kuliko chochote nilichofundisha. Na uhasibu wa shangazi ni kazi nzuri, lakini nakumbuka usiku uliolia juu ya hesabu za kidato cha nne. Miaka mitatu ya kulia hivyo ni ghali pia.

Ukipewa mkopo, chukua wa chakula na malazi. Ada nitaibeba mimi. Gunia za mahindi zipo, na kuna kazi ya tafsiri nimeahidiwa. Kila milioni usiyokopa ni miezi minane ya makato utakayokuwa umeiepuka.

Njoo Jumamosi na vyeti vyako, usijaze chaguo la kwanza kabla hatujakaa. Kwenye bahasha nimeweka slipu yangu ya 2017, uisome mstari kwa mstari, na ukurasa mmoja wa mahojiano yale niliotoa majina. Utafsiri kabla hujaja, bila simu. Mama yako anakusalimu, anasema shangazi akupe zile kanga zake.

Ni mimi baba yako