"Alishaugua, bado anahitaji chanjo?" Neno kwa wauguzi wanaoanza kazi zahanati

Mama ataweka kadi ya kliniki mezani na kusema: "Nesi, huyu alishaugua surua, bado anahitaji sindano?" Kabla ya kumjibu, muulize ni nani aliyesema ni surua, na kama kuna kipimo kilichothibitisha. Kinga inayobaki baada ya kuugua hutofautiana sana kati ya kirusi na kirusi, na jibu lililo sahihi kwa mgonjwa mmoja linaweza kumponza mwingine.

Surua yenyewe, ukishaipata kweli, hukuachia kinga ya maisha. Hili lilijulikana kabla hata ya virusi kugunduliwa. Mwaka 1846 surua iliingia Visiwa vya Faroe, ambako haikuonekana tangu 1781. Wakazi hawakufika 8,000, na zaidi ya 6,000 waliugua. Peter Panum, daktari kutoka Denmark, aliwafuatilia wazee walioiugua mwaka 1781 na hakumkuta hata mmoja aliyeipata tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita. Wazee wenzao walioikosa safari ile waliugua kama watoto.

Kwa nini mafua yasifanye hivyo? Wengi mtajibu kwamba kirusi cha influenza hubadilika kila mara, nacho cha surua hakibadiliki kiasi cha kuikwepa kinga. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Tazameni pia muda. Kirusi cha surua huingia na kusambaa kwa damu, na homa huanza baada ya siku 10 hivi. Seli za kumbukumbu, yaani seli za kinga zinazokikumbuka kirusi cha zamani, hupata nafasi ya kuamka, kuongezeka na kumwaga kingamwili (protini zinazokinasa kirusi) kabla mtu hajajisikia vibaya. Mafua huanza siku moja hadi nne tu baada ya kuambukizwa, tena puani na kooni: mwizi ameshabeba redio kabla mlinzi hajamaliza kuvaa viatu. Ndiyo maana virusi vya corona vile vya mafua ya kawaida huweza kumrudia mtu hata ndani ya mwaka mmoja. Kumbukumbu ipo, na mara nyingi huufanya ugonjwa uwe mwepesi, ila haizuii kuambukizwa.

Turudi kwa yule mama. Vipele na homa kwa mtoto vinaweza kuwa rubela au kitu kingine kabisa, na "surua" ya kutamkwa na jirani si surua ya maabara. Mchome. Hata kama aliiugua kweli, chanjo haimdhuru, na sindano yetu ina rubela ndani yake. Akiuliza kwa nini tunasubiri miezi 9, mweleze kwamba kingamwili alizompa mtoto tumboni huidhoofisha chanjo ikitolewa mapema mno.

Msiyachukulie majibu ya maabara kijuujuu. Kingamwili zikionekana, maana yake mwili ulikutana na kirusi. Kwa VVU na homa ya ini C hazimaanishi kwamba mtu amekingwa. Na zikishuka baada ya miezi kadhaa, hiyo si lazima iwe dalili kwamba kinga imekwisha, maana seli za kumbukumbu hazionekani kwenye kipimo hicho.

Wasafiri nao watawaletea kadi za njano wakidhani zimeisha muda baada ya miaka 10. Tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa zinaitambua chanjo ya homa ya manjano kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Bado wapo wanaochomwa upya bure.

Ninalowaombea mlishike zaidi ni dengi, homa inayoletwa na mbu. Kirusi chake kina aina nne. Ukiugua moja, unakingwa nayo kwa miaka mingi, lakini kinga dhidi ya zile nyingine tatu ni ya miezi tu, na maambukizi ya pili, yakiwa ya aina tofauti, yana hatari zaidi ya kuwa makali. Dar es Salaam ilikuwa na mlipuko mwaka 2014 na mwingine 2019, kwa hiyo mgonjwa anayesema "hiyo nilishapata zamani" hajakutuliza. Amekuongezea sababu ya kumwangalia kwa karibu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi: hayo hujitokeza mara nyingi homa ikianza kushuka, wakati ndugu zake wanadhani amepona. Mpe parasetamo, usimpe aspirini wala diklofenaki, na umwambie anayemuuguza arudi naye usiku huohuo akiona mojawapo.