Vile vishimo kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi
Ndugu uliyeuliza kuhusu vile vishimo vya mviringo kwenye nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar es Salaam: humo yalipachikwa mabakuli ya kaure kutoka China. Mengi yameshabanduliwa, ndiyo maana unaona tundu tupu. Ukienda kupiga picha, wahi asubuhi. Jua likipiga kwa ubavu, maandishi yaliyofifia yanajitokeza yenyewe. Usipake chaki wala kukwangua ukoga, chumvi ya bahari imeshayala vya kutosha. Mwaka ulioandikwa kaburini ukiwa wa Hijria (kalenda ya Kiislamu), zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622 upate mwaka wa kawaida: lile kaburi la Gede, magofu ya mji wa kale huko pwani ya Kenya, lenye mwaka 802 linakuja 1399 hivi. Na uombe ruhusa kwa wazee wa mtaa kabla hujatoa kamera.