Plagi ya tela: ethi kwanza, taa baadaye

Kabla hujanunua soketi, hakikisha gari ni la volti ngapi. Pikapu na magari madogo ni 12, malori mengi ni 24. Pande zote mbili kuna soketi za pini 7, na anayeanza huziona kitu kimoja. Ndani hazifanani: kwenye 12N, ya magari madogo, pini namba 1 ni indiketa ya kushoto, kwenye 24N, ya malori, namba 1 ni ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri. Ukifunga ya lori kwa kukariri ya pikapu, waya wa indiketa unaenda moja kwa moja kwenye ethi na fyuzi inakatika.

Kwa pikapu, 12N inakwenda hivi: 1 indiketa kushoto, njano, 2 taa ya ukungu, bluu, 3 ethi, nyeupe, 4 indiketa kulia, kijani, 5 taa ya nyuma kulia, kahawia, 6 breki, nyekundu, 7 taa ya nyuma kushoto, nyeusi. Fuata namba zilizoandikwa ndani ya plagi. Tela lililopita kwa mafundi watatu, rangi za nyaya usiziamini.

Sasa ethi, maana usumbufu mwingi unatoka hapo. Balbu ya breki ni wati 21, ya indiketa vilevile. Ukikanyaga breki huku umewasha indiketa na taa za nyuma, karibu ampea 6 zinarudi kwa waya mmoja mweupe. Nyaya nyingine ziwe milimita 1.5 za mraba, huo uwe 2.5. Usitegemee ndoano ya kuvutia iwe ethi: ina grisi na kutu, na inachezacheza. Ethi ikilegea utaiona: unawasha indiketa ya kushoto, taa za breki nazo zinapepesa kwa unyonge, kwa sababu umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu za jirani. Kabla ya kubadilisha balbu hata moja, unganisha waya kutoka chasisi ya tela hadi hasi ya betri. Taa zikikaa sawa, ugonjwa umeupata.

Soketi ifunge kwenye bamba lake karibu na ndoano, bawaba ya kifuniko juu, isining'inie chini ya bampa ikagonga mawe. Waya unaoingia kwa nyuma uushushe kidogo kabla haujapanda, maji yadondoke hapo yasiingie kwenye pini. Usitumie zile klipu za kuuma waya bila kuuchuna. Zinakata nyuzi na kuingiza unyevu, na baada ya masika moja shaba imekuwa kijani. Kiungo cha waya kibane kwa koleo la kubania, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto.

Mwisho chomeka, kata kona hadi mwisho kushoto, halafu kulia. Kebo isivutike hata kidogo, wala isiguse ardhi tela likiwa limenyooka.